Kilemba cha Dungar Kichwani Mwangu

Kaka Harji mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Surat, na vumbi la kiwandani limekuachia kifua upumue. Sisi hapa hatujambo. Ngamia wawili wamezaa. Mama ni mzima, ila magoti tu, na kila asubuhi anakuulizia kana kwamba uliondoka jana.

Sasa kaa chini kwanza, maana nina habari na unajua nilivyo, siwezi kulala nazo.

Juzi mzee Okaram alimwoza binti yake. Watu, kaka, walijaa! Tulikula ngano ya samli na sukari guru mpaka shuka za viunoni zikatubana. Baada ya chakula wanaume tukajinyoosha hemani, kila mtu na kilemba chake chekundu karibu na kichwa. Na jirani yangu wa kulala alikuwa nani? Dungar! Huyo huyo aliyekuangushia kilemba barazani kwa ugomvi wa zamu ya kunywesha ngamia, ukaapa hutarudi nyumbani mpaka akuite ndugu mbele ya wazee wale wale walioshuhudia. Miaka tisa sasa.

Tulipoamka tukavaa, tukatoka nje. Mzee Okaram akatutazama, akacheka hadi akashika nguzo. Akaniuliza tangu lini natembea na kitana cha Dungar, maana kilikuwa kimechomekwa kwenye kilemba, juu ya sikio langu, na Dungar naye amebeba sindano yangu ya kutolea miiba. Tumebadilishana vilemba! Basi wakatushika kwa utani. Mmoja akasema eti mimi, Jogaram, nimekula samli hadi imenipanda machoni. Mke wa Dungar naye akapaza sauti kutoka kwa wanawake, eti tumwachie hicho hicho, leo angalau mumewe anatazamika.

Okaram akawanyamazisha. Akasema desturi ni ile ile: wanaume wakibadilishana vilemba ni ndugu wa tumbo moja, wawe wamekusudia au hawakukusudia. Akamgeukia Dungar, akamtaka aseme basi Harji ni nani kwake. Dungar akakishika kilemba changu kichwani mwake, nikaona nimekwisha. Mara akasema, wazee wale wa barazani wakisikia, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi, kwamba Harji ni ndugu yake, na kwamba siku ile barazani mwenye makosa alikuwa yeye. Mama akapiga vigelegele, akasahau magoti, akacheza! Nimelia mbele za watu, kaka, wala sioni haya.

Ila nikuungamie jambo. Vile vilemba nilivibadilisha mimi, makusudi, watu wakikoroma, nikinyemelea kama mwizi wa kuku. Ukiwaambia wazee nitakana. Siri ikanishinda, jana nikaenda kwa Dungar kumwambia, tayari kwa fimbo. Akacheka. Akasema hakulala hata kidogo siku ile. Aliniona napapasa na mkono haufiki, ndipo akakisukuma kilemba chake kwangu, akaendelea kukoroma.

Amekwisha nunua kitambaa chekundu, mita tisa. Nilimwomba nikutumie kwa posta, akakataa katakata. Anasema atakungoja mwenyewe kituo cha basi, akufunge kilemba kwa mikono yake, hapo hapo, watu wote wakiona.

Watoto wanakusalimu sana. Mama amekataa kutuma salamu. Anasema zake uje uzichukue nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Jogaram