Maziwa kwa Namba ya Kiprono

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka saa kumi na moja tena. Hakuna ng'ombe wa kukamua hapa mtaani Pioneer, ila mikono haijaambiwa. Nimekaa kitandani nikisikiliza pikipiki za kwanza zikiwashwa. Chumba kimoja, kikombe kimoja. Chai ya rangi.

Talaka ilitoka Januari. Nilidhani mambo yameisha. Kumbe kuachana ni kesi moja, kugawana mali ni nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa wakili. Wanawake wa chama chetu cha akiba waliniapia kwamba ni nusu kwa nusu, sheria imesema. Wakili ametikisa kichwa. Kila mtu hupata kulingana na alichochangia. Na mchango si pesa tu: kulea mtoto, kupika, kukamua, kusimamia shamba, vyote vinahesabiwa. Nikafurahi. Kisha akauliza nani atathibitisha.

Nyumba tuliyoishi Moiben imesimama kwenye ardhi ya marehemu baba mkwe. Hiyo ardhi niisahau. Zimebaki ekari tatu zinazopakana na boma, tulizonunua kwa pesa za maziwa tukiwa tumeoana. Hati ina jina la Kiprono, aliyekuwa mume wangu, peke yake. Ndizo ninazodai. Sina kingine.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Sitaki kuulizwa habari za nyumbani.

Maziwa yote yalienda ushirika kwa namba ya uanachama ya Kiprono. Wake wengi kule hufanya hivyo. Ukiomba namba yako mwenyewe, watu wanauliza kama unapanga kutoroka. Kwa hiyo ushirika unajua mkulima mmoja tu: Kiprono. Kiprono, asiyejua hata ni ng'ombe yupi anapiga teke! Nina hasira hadi meno yanauma.

Chebet amepiga simu kutoka chuo. Hataki kuchagua kati ya baba na mama. Nimemwambia sawa, mwanangu. Si sawa. Nimelia baadaye.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Wakili anataka shahidi. Majirani niliowapigia wote ghafla wana mahindi ya kupanda.

Anayejua kila kitu ni mama mkwe. Tulikamua pamoja mpaka magoti yake yakakataa. Ndiye aliyenifundisha, mimi msichana wa Kakamega niliyekuwa naogopa pembe. Lakini anakula kwa mwanawe, analala kwa mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sitampigia.

Jumanne, 17 Juni

Usuluhishi, kule mahakamani. Kiprono amemleta mama yake mwenyewe, kwa gari, na kitambaa kipya kichwani, aje aseme mimi nilikuwa mtu wa kukaa tu. Mama hakuniangalia. Nikajua nimekwisha.

Msuluhishi akamuuliza nani alikuwa akiangalia ng'ombe. Mama akarekebisha kitambaa kichwani. Halafu: "Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi danganya. Huyu Mama Chebet ndio alikuwa anakamua. Asubuhi na jioni, hata akiwa na mimba. Huyu kijana yangu alikuwa anaamka saa mbili anapata chai iko tayari. Hiyo shamba ni jasho ya huyu."

 Kufikia mchana Kiprono alikuwa amekubali. Ekari moja na nusu yangu, moja na nusu yake. Wanawake wa chama watasema walisema.

Nilitaka kumshika Mama mkono. Kiprono alikuwa ameshamwingiza garini.

Jumamosi, 2 Agosti

Mpimaji amechimbia bikoni, yale mawe ya mpaka. Kiprono atavuna mahindi yaliyopo, halafu upande huu ni wangu. Nimeshinda. Nimeuzunguka wote, viatu vimejaa matope.

Mama alikuwa uani, ng'ambo ya seng'enge, akianika nguo. Nimemwita. Ameinua mkono kidogo, akaangalia nyumba ya mwanawe, akaingia ndani. Simlaumu. Huko ndiko anakoishi.

Sijamwambia asante mpaka leo. Katika kugawana, Mama ameangukia upande wa Kiprono, na hakuna wakili wa kumdai.

Nimerudi Pioneer kabla ya mvua.