Tarehe Mosi Januari si Siku ya Mama

Alhamisi, tarehe mosi Januari. Shella, Malindi. Joto la kuchemsha mtu, umeme umekatika mara mbili kabla ya adhuhuri, na mimi nimekasirika tangu nilipoamka.

Simu ya mama ndiyo iliyoanza. Kampuni ya simu yamtakia heri ya kuzaliwa. Benki nayo. Hata duka la miwani, alikokwenda mara moja tu maishani, limemkumbuka. Jirani yetu Bi Fatuma amepokea ujumbe kama huo, na muuza mboga anayetoka Kisumu Ndogo amenionyesha wake huku akicheka. Ukiviamini vitambulisho, wazee wa mtaa huu wote wamezaliwa siku moja, kama vifaranga.

Si kwamba hawakuzijua siku zao. Hilo ndilo linaloniudhi. Mama anaijua yake: Ijumaa, tarehe kumi na mbili Mfunguo Sita, siku ya Maulidi, zefe likipita mlangoni kwao na matari yakilia. Babu aliiandika kwa herufi za Kiarabu, pamoja na mwaka, ndani ya jalada la msahafu wake, na msahafu huo ungali kabatini kwetu. Watu wa pwani wamehesabu miezi yao kuanzia Idi ya baada ya Ramadhani tangu zama za mababu. Lakini kwenye ofisi ya vitambulisho kalenda ni moja tu, na asiyekuwamo hupewa Januari mosi kama nguo ya mtumba: ikukae isikukae, vaa.

Leo imezidi. Rahma, binti wa dadangu, anayesoma chuo kikuu, amekuja na keki. Nia yake njema, sikatai. Tulipomaliza kula cha mchana alitoa simu akaanza kumsomea bibi yake mambo yote yaliyotokea duniani siku kama ya leo. Haiti ilipata uhuru. Sudani ilipata uhuru. Kameruni ilipata uhuru. Kisha wakaja waliozaliwa, wakaja na waliokufa: wafalme, majenerali, wacheza mpira, waigizaji wa sinema. Orodha haina mwisho! Damu ikanichemka. Mtu amepata wasaa wa kuandika siku aliyokufa kocha wa nchi nisiyoijua hata iliko, na mwanamke aliyelea watoto sita wa kwake na nusu ya watoto wa mtaa hana hata siku yake mwenyewe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake, kisha akakisogeza kisu kando.

"Mashallah. Wasudani wamepewa uhuru, Wakameruni wamepewa uhuru, mimi n'kapewa tarehe," akasema. "Mjukuu wangu, keki n'takula, lakini kuikata siikati. Mimi sikuzaliwa leo."

Tukacheka sote. Halafu akaongeza maneno anayoyasema kila mwaka siku hii: "Ni yule karani. Mtu wa papa hapa, Muislamu mwenzangu, Mfunguo Sita aijua vyema. Akanidharau. Mungu atamlipa."

Hapo kicheko kiliniisha.

Karani huyo alikuwa mtu wa mtaa wa pili. Alifariki mwaka jana. Jirani wote walikwenda kwenye hitima yake isipokuwa mama, aliyesema hawezi kumsomea mtu ambaye hajamsamehe. Mke wa marehemu, waliyesuka naye ukili miaka na miaka, hajatia mguu kwetu tangu siku ile. Wakikutana sokoni, mama humgeuzia uso.

Shajara, hasira zangu juu ya ofisi nimekuandikia zote. Sasa niandike lililobaki.

Karani aliiandika ile tarehe kwa sababu nilimwambia mimi.

Nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma kabisa, magoti yakimuuma, akanituma dirishani na karatasi zake kwa kuwa mimi ndimi msomi. Karani akauliza mama amezaliwa lini. Nikajibu kwamba mwenyewe husema Mfunguo Sita. Nyuma yangu kwenye foleni walikuwako wasichana wawili wa darasani kwetu, wakacheka. Karani hakucheka.

"Kamuulize mamako tarehe ngapi, na mwaka gani wa Kiislamu," aliniambia. "Tutaihesabu, kalenda n'nayo hapa." Na droo alikuwa ameshaifungua.

Aibu ikanivaa. Niliona Mfunguo Sita ni maneno ya watu wasiosoma. Nikamwambia aandike Januari mosi, kama wote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mama mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Kitambulisho kilipotoka, mama akauliza tarehe hii imetoka wapi. Nikamjibu kwamba karani ameiandika kwa kichwa chake.

Nyani haoni kundule. Miaka yote hii nimekuwa hodari wa kuilaani ofisi, humu humu kwenye shajara hii ya blogu, na nyinyi wasomaji mkinipigia makofi. Ofisi ina makosa yake, sirudi nyuma kwa hilo. Bi Fatuma hakuwa na binti wa kumponza. Lakini la mama ni langu. Mtu ameingia kaburini na lawama isiyokuwa yake, na mjane wake anageuziwa uso sokoni kwa uongo wangu. Nilipokuwa nikiwakasirikia wale wafalme wa kwenye simu, nilijua vizuri sana nani aliyemnyang'anya mama siku yake. Najichukia kwa hilo.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kesho nitamwambia. Nimeifuta sentensi hiyo. Kesho zangu zimekwisha kuwa nyingi mno.

Mama amemaliza kuswali Alasiri na bado yuko kwenye mswala wake, anavuta uradi. Nakwenda kumwomba radhi. Kisha nitamwomba tufuatane kwa yule mjane. Akinifukuza, nitakwenda peke yangu.

Mama hasomi blogu, lakini wapwa zangu wanasoma, na haifai alisikie kwao. Sitaichapisha hii mpaka nimwambie kwa kinywa changu.

Kama unaisoma, ameshajua.