Filamu Yako Ilikuwa Ndefu, Koleta

Mwanangu Koleta,

Nimeiona filamu yako uliyoigiza. Simu zangu hupokei tangu uhamie Musoma kwa mama yako mdogo, kwa hiyo nakuandikia hadharani. Niliyokutendea niliyaficha kwa majirani, basi kuyakiri kwangu kusiwe kwa siri.

Kwanza nikwambie ukweli: ni ndefu mno. Tuliingia ukumbini kule Ilemela saa nane mchana, tukatoka saa kumi na mbili kasoro. Yule kijana aliyeitengeneza alinieleza sababu baadaye. Aliomba nyumba, chakula na nguo kwa watu, akamwahidi kila aliyesaidia kwamba ataonekana. Mwenye nyumba akaonekana, akasimulia alivyovunja mwamba hadi akapata pa kujenga. Mama aliyewapikia akaonekana akipara samaki aina ya sato, wote sita. Kwaya iliyoazimisha sare ikaimba beti zote. Watu wa Mwanza ukituahidi, tunadai.

Nilitaka kutoka, nikashindwa. Nilibanwa mwisho wa benchi, ukuta kushoto, mama mmoja mnene kulia na wajukuu wake wawili miguuni. Kila nikijiinua ananiambia, "Tulia mama, bado hajatoka huyo binti." Hakujua binti mwenyewe ni wangu.

Ulicheza vizuri hadi nikakuogopa. Msichana wa kidato cha tatu, mtoro, mdomo mkali. Ulivyosema "Sawa mama" kama mtu anayetema kitu, ndivyo ulivyonijibu hapa Mkolani mwaka ule. Halafu mama yule wa kwenye filamu akafunga mlango wa chumba kwa kufuli, nikajua leo nimeshikwa.

Kwetu zilikuwa siku kumi na moja, likizo ya Juni. Ulilala nje siku mbili, hukusema ulikokuwa, nami nikapiga kufuli kwa nje. Chakula nilikuletea, chooni nilikusindikiza kama askari magereza, kisha nikakufungia tena. Majirani niliwaambia umeenda kusalimia Musoma. Nilijisemea samaki mkunje angali mbichi, nikaendelea kushona sare za watoto wa wenzangu sebuleni.

Siku za kwanza uligonga mlango. Ulipoacha kugonga ndipo nilipoingiwa na hofu. Nikahamisha kigoda changu, nikawa nakaa nje ya mlango wako kimya, nikisikiliza kama unapumua. Sikumwambia mtu hata mmoja. Basi kwenye filamu yule msichana akaegemea mlango, akasema taratibu, "Najua upo hapo, mama. Nasikia kigoda."

Kumbe ulijua siku zote. Ulikaa upande wako ukinisubiri niseme neno, nami upande wangu nikanyamaza. Nililia pale kwenye benchi bila aibu. Yule mama akanipa ncha ya kitenge chake nijifute, akasema, "Mama yake huyu hana utu kabisa." Nikamjibu, "Hana."

Sitakuambia kwamba na mimi nilikuwa mfungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ila tangu uondoke nyumba hii inanikaba. Chumba chako kiko wazi na siwezi kuingia, nalala sebuleni karibu na cherehani. Wageni wakiuliza, nasema unasoma huko. Tulivyolelewa sisi, mzazi hamwombi mtoto msamaha, na mimi nimejificha ndani ya neno hilo mwaka wa tatu sasa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, najua, na sikuandiki ili uniambie pole.

Mwisho wa filamu yule mama alifungua kufuli kwa mkono wake, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Wewe na mimi tunajua aliyekufungulia ni mama yako mdogo, alipokuja kukuchukua. Nilimpa ufunguo, nikaenda dukani kununua uzi nisioutaka, ili nisikuone ukitoka. Niliporudi mlikuwa mmeshaondoka.

Nilimngoja yule kijana nje. Aliniamkia, nikaitikia, nikamuuliza kwa nini amemaliza hivyo wakati haikuwa hivyo. Akainama. "Mama, mimi nilitaka asifungue. Koleta ndiye aliyegoma. Alisema haigizi mpaka mama afungue mwenyewe."

Mwanangu, ulimpa yule mama moyo ambao mimi sikuwa nao. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima, sindano haiendi.

Nisamehe, Koleta. Nilikukosea, na hakuna kosa lako lililostahili lile kufuli. Usirudi kwa sababu nimeomba. Nilitaka tu maneno haya uyapate kwangu mimi, si kwa yule mwigizaji.

Ni mimi, mama yako,
Mkolani