Njia Yangu na Njia ya Meshaki

Jumatatu, 7 Juni 2004
Programu ya maziwa ya wafugaji wa Handeni inaenda. Ila kila sehemu nimerudia maelekezo yale yale ya kurekodi: nani kaingia, kabadilisha nini. Nimechoka kunakili. Nataka kazi hiyo ikae mahali pamoja, kompyuta iipeleke yenyewe kila inapohitajika. Ndiyo hizo wanazoita aspekti. Meshaki, mwenzangu ofisini, naye anataka hivyo — kwa njia yake. Kama kawaida.

Jumatano, 9 Juni
Tumebishana asubuhi nzima. Mimi nataka kuifuma ndani ya programu kabla haijaanza kufanya kazi. Yeye anataka kuiweka nje kama mlinzi getini, kila ombi lipite kwake. Nikamwambia mlinzi wako hawaoni waliomo ndani. Sehemu ikiita jirani yake, haipiti getini. Akakubali. Ila yangu, akasema, haisomeki: ukifungua msimbo wa programu huoni kilichoingia wala kilipoingilia. Anajua kunikosoa bila kuniumiza, huyu Mmaasai wa Handeni.

Alhamisi, 10 Juni
Tumejaribu zote mbili. Yangu ina kasi, haikukosa kitu. Yake nzito, na imeruka marekebisho kadhaa bila kuyarekodi. Nimeshinda. Mbona sifurahi?

Ijumaa, 11 Juni
Nimepata nafasi ya masomo India. Miaka miwili!
Nimemwambia Meshaki. Akauliza taratibu: “Ukiondoka, hiyo yako nitaitengeneza vipi peke yangu?”
Kazi tu. Hakuuliza kingine. Lakini hakuniangalia.

Jumatatu, 14 Juni
Nimechukua njia yake. Sehemu zilizokuwa zikiitana kwa ndani nimezitenganisha, sasa zote zinapita getini. Polepole, sawa. Ila ataisoma.
Aliifungua, akasoma mpaka mwisho. “Serafina, umeiacha yako kwa ajili yangu?”
Nikasema kwa ajili ya wafugaji. Uongo.

Jumatano, 16 Juni
Meshaki kaja nyumbani, hapa Masuguru. Hajawahi. Shati limepigwa pasi. Kampa baba shikamoo, kakaa ukingoni mwa kochi. Nikadhani ni mambo ya programu — hata diski hana. Kasema ana maneno na mzee kabla sijasafiri. Baba kaniambia niende jikoni nikamsaidie mama. Hakuna cha kusaidia, ndiyo maana naandika.
Baba anauliza: “Miaka miwili, kijana. Na akichelewa kurudi?”
Meshaki anajibu kwa sauti ndogo, sisikii.
Mama kazima redio tusikie —