Nguo za Kiume Kambani

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka kazini saa tisa. Mashuka ya hospitali leo yalikuwa mengi kuliko jana, na mengine hayatakati tena, tunayatupa tu. Njiani droni ilikuwa juu yetu tangu sokoni mpaka kona ya kwetu. Mtaani wanaiita Nyuki. Kila mtu anatembea amejikunja, utadhani kunanyesha.

Mume wangu leo siku ya tisa yuko shimoni. Askari wanachukua wanaume wote kwenda vitani, kuanzia miaka kumi na minane mpaka hamsini. Yeye ana thelathini na minne na ni fundi umeme — watu kama hao wanatafutwa kwa tochi. Tumesema amesafiri. Shimo lenyewe lilichimbwa na mama yake chini ya jiko, enzi za vita vya msituni, alipokuwa akificha wapiganaji. Analionea fahari kuliko watoto wake. Anasema walikaa watatu humo wiki mbili, na askari wanakunywa chai yake hapo hapo juu.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe ananicheka kwa woga wangu. Vita ni vita tu, anasema. Zamani alikuwa akianika shuka jeupe kambani kuwaambia vijana wa msituni kwamba askari wako mtaani. Likianuliwa, wanashuka kuchukua chakula. Miaka minne, hakukamatwa hata mara moja.

Nikamwambia: Mama, wale askari wako walikuwa na macho mawili. Walichoka, walilala, uliwapa chai ukawadanganya. Hiki chuma cha angani hakilali wala hakinywi chai. Akajibu kwamba hata chuma kina mtu nyuma yake. Labda. Ila mtu huyo mimi simwoni.

Alhamisi, 7 Machi

Wamemchukua Kinyozi, jirani yetu. Saa nne asubuhi, watu wanaona. Mkewe alikuwa amewaambia askari kwamba anaishi peke yake. Wakamwonyesha simu: picha za kamba yake ya nguo, zimepigwa kutoka juu, siku baada ya siku. Suruali. Mashati. Wakamuuliza, basi hizi unavaa wewe?

Mimi, ninayefua kazini na nyumbani, nimeanika mashati ya mume wangu wiki nzima! Hata sikuwaza. Nguo ikichafuka inafuliwa, basi. Mama naye hakuwaza — yeye aliyezungumza kwa kamba miaka minne, hakujua kwamba siku hizi kamba inasomwa na upande wa pili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeanua zote. Mama amenirudisha nje: kuanua ghafla ndiyo kujishtaki, picha wanazo tayari. Nimeanika tena.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumamosi, 9 Machi

Mama amesema mashati yanahitaji mwenyewe. Asubuhi amevaa suruali ya mwanawe, shati la bluu, na kofia ya marehemu baba mkwe. Nywele nimemkata mimi. Mzee wa miaka sabini hachukuliwi na mtu, anasema. Zamani walijificha wasionekane, lakini huyu Nyuki kazi yake ni kuona, basi tumwonyeshe.

Akafanya mazoezi ya kutembea hapo jikoni, kama mwanamume mwenye goti bovu. Nilicheka mpaka machozi. Mume wangu akagonga kifuniko cha shimo, akauliza kuna nini. Nikamwambia nyamaza, baba yako amerudi.

Saa tatu akatoka uani, akaketi, akatanua miguu. Nyuki akaja. Akasimama juu yake muda mrefu. Kisha akaenda zake. Mama amerudi ndani akitabasamu, ila alipovua kofia nimeona imelowa jasho.

Jumapili, 10 Machi

Saa tatu na nusu. Yuko uani tena, anapigilia mguu wa meza misumari. Mimi niko jikoni, nimeketi juu ya kifuniko cha shimo, daftari magotini.

Gari limesimama. Si kwa jirani.

Askari watatu wako getini, nawaona kwenye ufa wa dirisha. Mmoja ana simu. Anaitazama, anamtazama Mama, anaitazama tena. Hawana hasira, wana adabu hata. "Shikamoo, mzee."

Nyundo imenyamaza.

Suruali tulifikiria. Kofia, nywele, mwendo, vyote. Sauti hatukuifikiria.

Hajaitikia. Amewapa mgongo, anatafuta msumari ambao haujaanguka.

Wamesalimia tena, kwa sauti zaidi.