Kitambaa Ulichonifumia

Dodoma,
14 Novemba 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta salama wewe na kaka Sila, na kwamba mvua imeanza huko Haneti. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kikohozi chako kinaninyima raha. Jirani yetu Bartolomayo alinieleza kwamba tangu ulipokuta jina lako kwenye karatasi iliyofungia karanga mnadani, umeapa hukanyagi tena kliniki ya kifua kikuu. Mama, nililia. Orodha ya wagonjwa kufungia karanga, jamani!

Ndiyo maana nataka ujue habari za Salha, binti wa hapa mjini ninayefanya naye kazi ofisi ya afya. Yule dada ana kichwa! Ametunga programu ya kusimba, yaani kuyavuruga majina ya wagonjwa kwa hesabu, asiyasome mtu ila daktari mwenye ufunguo wake. Kliniki zitatuma disketi badala ya makaratasi. Aliijaribu kwenye kompyuta tatu, maana alisema kila prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina kinywa chake: nyingine humeza tarakimu nyingi kwa mkupuo, nyingine hutaka tonge dogo dogo. Ile kuukuu, aina ileile ya kliniki yenu, ilichukua dakika kumi na moja. Ya pili, dakika nne. Mpya kabisa ikawa inaganda katikati, kila mara.

Mkuu wetu, Bwana Gaudence, alisema kama mpya inashindwa basi hakuna cha programu. Akatoa siku tisa, la sivyo turudi kwenye makaratasi. Salha hakubisha. Alizipangua hesabu zake zote akazipanga upya, chai ikimpolea pembeni. Siku ya nane nilikuwa nafuta vumbi, nikagusa ile mpya: moto kama pasi! Nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa ulichonifumia, kama tunavyofunika redio nyumbani, nacho kimeziba matundu yake ya hewa. Nikakitoa kimyakimya, nikakitia kwenye mkoba.

Kesho yake mpya ilimaliza kwa sekunde arobaini. Na ile kuukuu, Mama, dakika tatu! Bwana Gaudence alipiga makofi. Nami nikapiga, kitambaa kikiwa bado mkobani. Jumatatu nikamwambia Salha ukweli. Aliniita mshamba, akaninunia mpaka jioni. Asubuhi akaniletea vitumbua, akasema asingehangaika vile, ile kuukuu ingebaki kujikongoja.

Sasa nikuungamie jambo jingine. Jana ilifika disketi ya kwanza kutoka Haneti. Tumekatazwa, lakini niliifungua, nikalitafuta jina lako. Nilikuta herufi na namba zilizovurugika, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi niliyezaliwa na wewe, disketi ninayo mkononi, nilishindwa kukupata. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Nisalimie kaka Sila, Bartolomayo na wote wanaoniulizia. Kitambaa nimekitandika mezani kwangu hapa Nzuguni, kimependeza. Rudi kliniki, Mama, nakusihi. Ukinijibu, sitaki habari nyingi. Niandikie neno moja tu: nimekwenda.

Mwanao akupendaye,
Hilda