Mama Baluku, haikuwa sumu

Mama Baluku, bibi yangu wa ndoa,

Nimeomba katekista wa Maliba asome hii barua kwa sauti, watu wakitoka misa, wewe ukiwa hapo na kaka zako. Usikasirike. Nilikuchafua mbele ya watu, siwezi kukusafisha kwa kunong'ona.

Unakumbuka kichwa yako ilivyokuwa? Mbuzi ya nani ilizaa lini, mtoto gani alibatizwa mvua gani, wewe ulijua. Muhogo mchungu, ule ukitolewa mapema unatapisha mutu, ulikuwa unaloweka kwenye pipa siku nne, bila alama ukutani, bila kuuliza mutu. Miaka makumi mbili na sita nilikula bundu yako, ugali ya huo muhogo, tumbo haikuuma hata siku moja.

Halafu usingizi ikakukimbia. Ulikuwa unaacha kitanda, unalala chini jikoni, unasema godoro inakuchoma, na blauzi yote maji ya jasho. Nikakuuliza, "Nani anakungoja huko jikoni?" Ukasema, "Paka." Ulitaka nicheke. Sikucheka. Mchana ulikuwa unasimama katikati ya nyumba: "Baba Baluku, nilikuja kutafuta nini hapa?" Na mimi najibu, "Akili yako." Hiyo ndiyo dawa niliyokupa.

Ile siku ya bundu nilitapika mpaka nikashika ukuta. Ulisema, "Ngoja. Muhogo nilitoa siku ya pili ama ya nne? Sijui, Baba Baluku. Sijui kabisa." Nikaita wazee na majirani, nikasema umeniwekea sumu. Kaka zako wakakuja kukuchukua, wakakurudisha kwenu Maliba.

Sasa sikia. Kuna mama mkunga alikimbia toka Butembo, anakaa hapa Bwera. Nilimwambia habari yako, nikitaka anionee huruma. Akaniuliza, "Papa, damu yake ya mwezi ilikata?"

"Mimi nitajua wapi?"

"Bon, sawa. Chakula yake unajua, yeye haumujui." Akaniambia damu ikikaribia kukata, wanawake wengi mwili inawaka, usiku inakuwa mrefu, na mutu asiyelala kichwa inaachia vitu. Akasema si wazimu, si uchawi, na wengi kichwa inatulia tena.

Nilirudi nyumbani na hasira. Hasira na mimi mwenyewe, na sisi wanaume wote. Tunajua ng'ombe inabeba mimba miezi ngapi. Tunajua kahawa inakatwa lini. Mwanamke tunayelala naye, hapana! Hata mama yangu alipita hapo, na sisi tukamwita mama ya makelele.

Wiki iliyopita nikaloweka muhogo mimi mwenyewe. Mimi ninayelala kama gogo! Siku zikanipotea, nikatoa mapema, nikasonga, nikala. Jirani yetu, yule anaitwa Kule, alinikuta nimeinama kwenye migomba, natapika. Sukari ya kuchanganya haipatikani siku hizi, akaniletea maji ya chumvi tupu, akauliza, "Mzee, na leo nani amekuwekea sumu?" Alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kumpiga. Sikuwa na nguvu, na alikuwa anasema haki.

Imebaki moja, na hii wazee hawajui. Ile siku na wewe ulikula ile bundu. Ulitapika nyuma ya nyumba, ukafunika na majivu. Nilikuona, Mama Baluku. Nilikuona kabla ya kuita watu. Mutu hawezi kuweka sumu akala mwenyewe, nilijua hiyo, na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka na maswali yako.

Sikuombi urudi. Naomba wale waliosikia "sumu", huko Maliba na hapa Bwera, wasikie na hii.

Nimeloweka muhogo mwingine. Safari hii nachora mkaa ukutani kila asubuhi. Ikikauka nitaleta unga huko Maliba, nitasonga mbele ya kaka zako, nitakula mimi wa kwanza. Ukipenda, kaa karibu. Na siku moja ukisimama tena katikati ya nyumba uniulize ulikuja kutafuta nini, nitaamka tutafute wawili.

Bwana yako wa Bwera,
Baba Baluku